Baiskeli ya Juu ya Paa

Jumamosi, 12 Julai

Nimeamua. Ile baiskeli ya juu ya paa naifufua mimi. Mimi Anfal, bila ruhusa ya mtu!

Imekaa kule juu tangu marehemu Babu aache kuiendesha. Jua lake, mvua yake, chumvi ya bahari, mavi ya kunguru. Zamani ilikuwa nyeusi, sasa ina rangi ya chai ya mkandaa. Tairi zimepasuka kama visigino. Siti imeliwa na panya, zimebaki springi mbili. Nimezikalia hivyo hivyo. Zimenifinya! Nimecheka peke yangu kama chizi.

Chanzo ni Mama Euphrasia, yule mama wa Kichaga anayepika hapo chini ya jengo letu. Chakula chake cha mchana kinapelekwa kwenye maduka ya Kariakoo. Bodaboda wanamchelewesha, mchuzi unafika nusu. Nikamwambia mimi nitapeleka. Kaniangalia toka kichwani mpaka kwenye kandambili. "Utapeleka na nini, mwanangu? Na mabawa?" Nikasema nina baiskeli. Akasema haya, Jumatatu ya tarehe ishirini na moja, saa tano na nusu, nije nayo inatembea. Nisipokuja kazi anampa Allan wa toroli.

Nina baiskeli! Nilivyosema kwa kujiamini sasa...

Mwaka mzima tangu nimalize form six nakaa ndani. Natulia. Kila mtu ananiambia nitulie. Muhannad mdogo wangu kapewa pikipiki, tena hata hakuomba.

Jumapili, 13 Julai

Nimemwambia Baba wakati wa kula. Kasema hapana. Hata sauti hakupandisha, aliendelea kuchambua miiba ya changu. Eti mtoto wa kike wa Hamud, yaani wake yeye, apite Msimbazi miguu juu miguu chini, wateja wa duka lake la vitenge wakimtazama? Halafu kama vile nimemkumbusha kitu — paa limejaa takataka, Ijumaa baada ya swala atamwita mtu wa vyuma chakavu azoe zote.

Nikamgeukia Bibi Mauza. Mama yake Baba, mjane wa mwenye baiskeli! Nilijua atalia. Bibi kasema ichukuliwe tu, tena leo. Eti Babu aliinunua kwa hela aliyokuwa ameiweka Bibi ya kununulia cherehani. Miaka hamsini hajasamehe!

Basi, niko peke yangu. Vizuri. Nina siku tano za kuitoa kule juu.

Jumatatu, 14 Julai

Siwezi kuishusha nzima, ngazi nyembamba na usukani umegoma kugeuka. Lazima niifungue. Nati nyingi zimekubali kwa matusi. Zimebaki pini mbili zinazoshika mikono ya pedeli. Zimeoza, zimeshikana na chuma, nyundo inaruka tu. Kidole gumba kimekuwa zambarau.

Nimetazama video nane. Wazungu wote wanapulizia dawa ya kopo. Nikaenda Kariakoo kuuliza bei ya kopo. Nikamshukuru muuzaji, nikatoka.

Halafu njiani — wazo! Mashua za wavuvi wa Feri! Si wanazipaka mafuta ya maini ya papa? Zinakaa kwenye maji ya chumvi miaka na miaka. Na chumvi ndiyo inayoleta kutu. Sasa mafuta yanayoishinda bahari yatashindwa na pini mbili? Hakuna aliyenifundisha hilo. Kichwa changu mwenyewe!

Nimeenda Feri kwa mguu. Kaka mmoja kanijazia mafuta hayo kwenye chupa kubwa ya maji, bure, kisa nilimchekesha. Aliniuliza dada una mashua? Nikamwambia ninayo, ya magurudumu mawili.

Nimepaka kila mahali. Pini, mnyororo, fremu, spoki moja moja. Chupa nzima! Nimefunika na turubai. Mimi ni noma.

Jumanne, 15 Julai

Paka.

Mungu wangu, PAKA!

Nimepanda saa kumi na mbili asubuhi nikakuta paka kumi na moja. Nimewahesabu. Wameivua turubai, wanailamba baiskeli kama koni. Shume mmoja kachuchumaa kwenye usukani, ananiangalia kama mimi ndiye mgeni. Wametoka mitaa gani? Upanga? Ghorofa tano wamepandaje?

Na harufu! Usiku kulikuwa na baridi, sikuisikia. Jua lilipotoka ikashuka ngazi yenyewe. Mama wa ghorofa ya tatu kafungua mlango, kafunga. Mbaya zaidi, nguo nyeupe za Bibi za kuswalia zilikuwa zimeanikwa hapo hapo pembeni. Alikuwa kazifukiza udi juzi! Bibi kazivaa adhuhuri, kakatisha swala katikati. Katoka chumbani anauliza nani kamchinja papa ndani ya nyumba hii.

Baba kapanda na leso puani. Kaiangalia baiskeli. Kaniangalia mimi. Kawaangalia paka. "Ijumaa," kasema, akashuka.

Haya. Ameshashuka, nimechukua nyundo kwa hasira, nikagonga pini mara moja. TK! Imetoka! Imeteleza kama mwiba kwenye samaki wa kuchemsha! Ya pili, mapigo mawili. Inanuka lakini imefanya kazi! Nimepiga kelele mpaka shume karuka.

Nguo za Bibi nimezifua mara tatu. Sabuni, ndimu, tena sabuni. Ananusa, ananirudishia.

Jumatano, 16 Julai

Nimebeba rimu mbili begani mpaka kwa Leodegar, fundi baiskeli wa Gerezani. Shikamoo nimetoa, marahaba nimepata, halafu kaziangalia rimu zangu akacheka mpaka akashika mbavu. "Binti, hizi zimeoga wapi?" Wateja wake wakasogea mbali na benchi.

Nataka spoki tisa, nikamwambia. Za zamani. Sina hela, nina mikono. Kanipa debe la goroli zilizochanganyika, miaka yote hajawahi kuzichambua. Kubwa, ndogo, mbovu, nzima. Nimekaa chini masaa manne! Nimemaliza. Kanipa spoki, kaongeza na tairi kuukuu moja. Kanionyesha kukata kipande chake nikiweke ndani ya tairi iliyopasuka, tyubu isichungulie nje.

Halafu kanyoosha rimu kwa kusikiliza. Kweli! Anaigonga kila spoki kwa spana. Iliyokaza inalia, iliyolegea inasema du, kama ndoo. Nikaomba nijaribu. Kasema kazi ya masikio hii, binti, si ya kucha. (Kucha zenyewe zina mafuta ya papa mpaka kwenye nyama!) Nikafumba macho nikagonga. Nikapata tatu zimelegea kwenye rimu aliyokuwa keshaimaliza YEYE. Kazigonga mwenyewe. Kazikaza. Halafu kasema kesho niwahi.

Sasa kitu kimoja ambacho sijamwambia mtu. Naandika hapa tu.

Sijui kuendesha baiskeli.

Ningepewa Jumatatu tano ningejua. Jumatatu hii... Nitajua. Nimejifunza kushona blauzi kwa kuangalia, kutengeneza feni kwa kuangalia. Hii nayo ina nini?

Ijumaa, 18 Julai

Leo ndiyo leo.

Rimu za kwa Leodegar nilizirudisha juu jana jioni, sikuwa na pengine pa kuzificha. Nimesubiri Baba aende msikitini. Saa sita na robo, viatu vyake vimetoka mlangoni. Nikapanda. Fremu begani, usukani shingoni kama mkufu, ghorofa tano, lifti haifanyi kazi tangu nizaliwe. Safari ya kwanza sawa. Ya pili nikagongana na Muhannad ngazini, kachelewa swala, kanzu imepigwa pasi.

Kanitazama. Kwanza kapiga picha. Mbwa! Halafu kasema Baba atakuua.

Nikamwambia unaenda kuswali au unaenda kushangaa? Kanionea huruma sijui, kachukua rimu moja, eti anashuka anyway. Kaishika kwa vidole viwili kama panya mfu. Chini kaniambia yeye hajanisaidia, rimu imemfuata tu.

Mama Euphrasia kanipa nafasi nyuma ya majiko. Kavuta pazia tu.

Saa saba na nusu Baba anarudi na mtu wa chuma chakavu. Wamepanda. Wamekuta sufuria bovu, antena na paka wanne. Baba kashuka jasho linamtoka.

Iko wapi? Nikamjibu haiko kwenye paa. Ulisema itoke kwenye paa. Imetoka.

Bibi alikuwa anakunywa chai. Imempalia. Sijui alikuwa anakohoa au anacheka.

Baba kasema maneno mengi sana leo. Mimi mkaidi. Mimi nitamfanya achekwe soko zima. Akiniona juu ya hicho chuma atanishusha mwenyewe, kwa mikono yake, mbele ya yeyote. Nimesikia. Nimesema nimesikia. Sijasema sawa.

Jumapili, 20 Julai

Imesimama! Leodegar kanikopesha spana, kila nati nimekaza mwenyewe. Siti nimeivika turubai ya robota la vitenge, kutoka dukani kwa Baba, ilikuwa imetupwa. Rangi hakuna. Kutu nimeisugua kwa majivu, iliyobaki ibaki, si harusi. Breki ya nyuma inashika. Ya mbele ina mawazo yake.

Alfajiri nimeipeleka Mnazi Mmoja kabla watu hawajajaa. Suruali ndani, baibui nimelibana kiunoni kwa vibanio vya nguo.

Nimeanguka mara sita. Mara ya nne mzee mmoja wa mazoezi kasema we mtoto, angalia mbele, unaangalia tairi inakuibia nini? Nikaangalia mbele. Nikaenda. Nikaenda! Mti, benchi, mti, benchi, uzio — uzio sikuukwepa. Goti limechubuka, kiwiko kimechubuka. Nimerudi nimeipanda. NIMEIPANDA mpaka kwenye taa za barabarani, ndiyo nikashuka.

Bibi kaliona goti. Kaniuliza nimeanguka wapi, nikasema ngazini. Kaniletea bandeji. Akasema ngazi za siku hizi zinanuka papa.

Jumatatu, 21 Julai — naandika barabarani

Naandika kwenye daftari la oda, juu ya usukani. Lazima niandike sasa hivi, la sivyo kesho nitasema nimeota.

Saa tano na nusu nilifika kwa Mama Euphrasia. Kaizunguka baiskeli mara mbili, kaminya tairi kama anachagua parachichi. "Haya, nenda. Mchuzi ukimwagika usirudi." Vyakula kumi na viwili kwenye kapu la mbele. Nimepita katikati ya matoroli, mabegi, watu wa mitumba, "Dada pisha! Dada breki!" Kumi nimefikisha. Mchuzi haujamwagika hata tone!

Cha kumi na moja kilikuwa cha Aristides, wa duka la vyombo. Mlango wa pili toka kwa Baba. Nilijua. Oda haichagui. Nimempa chakula chake, nimepanda, na Baba huyo nje.

Shuka, kasema. Nikasema sishuki. Anfal, shuka mbele za watu. Nikasema watu hao hao wanasubiri chakula, Baba.

Kanishika mkono, kauachia. Watu wamejaa. Aristides na sahani yake mlangoni, anatafuna huku anaangalia. Nilidhani Baba ataivuta baiskeli, ataitupa. Alisema atanishusha kwa mikono yake. Badala yake kazunguka nyuma. Kapandisha kanzu. KAKAA KWENYE KERIA!

"Haya," kasema. "Haiendi popote."

Tairi imelala nusu. Baba si mtu mdogo. Mbeba mizigo mmoja kapaza sauti, mzee Hamud, nauli umelipa? Watu wamekufa kwa kucheka. Baba hakugeuka. Masikio mekundu. Mimi pia yangu yanawaka.

Dakika kumi sasa. Sijashuka. Hajashuka. Kauliza naandika nini, nikasema risiti.

Mama Euphrasia kapiga simu mara mbili. Cha kumi na mbili ni cha Mtaa wa Kongo, kinapoa. Nimemwambia Baba hivyo hivyo, kuna mtu ana njaa Mtaa wa Kongo. Kasema kwani amenishika?

Nimeweka mguu kwenye pedeli. Nimemuuliza, unashuka au hushuki?

Nimegeuka kumwangalia. Anaikusanya kanzu yake, anaibana magotini, isiingie kwenye spoki.