Nilimshukuru Tajiri kwa Midomo ya Wenzangu

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Pentekoste, maana siku hiyo tutapiga kura. Ni rubani wa mashua ya mizigo hapa mto Kilombero, mimi nashika usukani na wenzangu kumi na wawili wanapiga pondo, ile miti mirefu ya kusukumia mashua, tunavusha mpunga na pamba ya tajiri mmoja wa hapa Ifakara, na desturi yetu mashua ikishaingia mkondoni hakuna anayefungua kinywa ila rubani, kwa ajili ya viboko na magogo, basi tajiri alipounda kamati ya kusikiliza wafanyakazi akasema rubani ndiye atakayewasemea wote, nasi tukaona ni sawa tu. Mshauri, huyu tajiri nitamshukuru mpaka kaburini. Mwaka juzi mke wangu Katarina alikaa na uchungu siku mbili, tajiri akashusha magunia yake kwenye lori, akampakia, akamfikisha hospitali ya misheni, na leo binti yetu Rosa anakimbiza kuku uani. Sasa mwezi wa pili mwenzetu Fridolin alibanwa mguu kati ya mashua na gogo, akaachishwa kazi mguu ungali na bandeji, wenzangu wakanituma nikamwombee kazi nyepesi ghalani, nikaenda, tajiri akanikaribisha chai, akauliza, "Rosa hajambo?" nikamwambia hajambo, akauliza tena, "Na wenzako wanasemaje?" nikasikia kinywa changu kinajibu, "Wanashukuru, bwana." Tangu hapo wenzangu wanaandikishana katika chama cha wafanyakazi, na Pentekoste baada ya misa tutaamua tusemewe na chama au na kamati, na tajiri ameniomba nisimame niseme kamati inatosha, nao wenzangu wanangoja neno langu. Nikichukua kadi ya chama, si nitakuwa mwizi wa fadhila? Nisaidie, mama.

Theodori, rubani, Lipangalala, Ifakara. Aprili 1957.

Bibi Balbina anajibu:

Marahaba, mwanangu Theodori. Umpakate Rosa kwa niaba yangu. Tajiri wako namshukuru hata mimi nisiyemjua. Lile lori lilikuwa wema mtupu, na mtu asikudanganye kwamba ilikuwa hila.

Lakini wewe! Lori lilimbeba Katarina, halikumbeba Fridolin. Ulitumwa upeleke kilio cha mwenzako, ukapeleka asante yako mwenyewe, tena ukaivika majina ya watu kumi na wawili. Nani alikutuma hiyo? Umemshukuru tajiri kwa mguu wa Fridolin. Ona haya kidogo. Kidogo tu, maana mwenye roho mbaya asingeniandikia.

Kujiunga na chama si kumchukia tajiri. Kamati ni yake, kaiita yeye na anaikalia yeye, na mtu ukiwa na kikombe chake mkononi utambishiaje? Hata mimi ningeshindwa. Msemaji wa chama hajanywa chai pale, wala mkewe hakupanda lori. Faida yake ndiyo hiyo. Na tajiri kama ni mwema kweli, atabaki mwema hata akizungumza na mtu asiyemwonea haya.

Sasa fanya hivi. Mchukue Katarina, na Rosa, na jogoo mmoja mnene, nendeni kwa tajiri mchana kweupe, mshukuru kwa jina lako, ushukuru mpaka utosheke. Kisha mwambie usoni kwamba hutamsemea mkutanoni na kadi ya chama unachukua. Asije akasikia sokoni. Ukitoka hapo usipite nyumbani, nenda moja kwa moja kwa Fridolin. Habari za chai usimweleze kama kisingizio, mwombe radhi tu, na umwambie kwamba Pentekoste utampakia kwenye baiskeli yako mwenyewe mpaka mkutanoni.

Wenzako watakugeukia wakitaka neno la rubani. Usiwape. Mtoni wananyamaza wao ili mvuke salama. Siku hiyo nyamaza wewe, Fridolin aseme.