Muhtasari wa Kikao cha Bweni

Tinwarg, 9 Januari

Dada yangu Tuda,

Kabla ya salamu, niache nianze na sauti. Siku ya kikao, nilipomaliza kusema na kuketi, ukumbi ulinyamaza, nikasikia kalamu yako ikikwaruza karatasi. Ilisimama kidogo, ikaendelea. Ulikuwa unaandika maneno yangu. Makofi yalikuja baadaye, nayo nimeyasahau. Kalamu sijaisahau.

Sasa salamu. Hujambo? Baba Hammu hajambo? Na mama yetu, goti lake linaionaje baridi hii? Mwambie kwamba mtoto aliyemnyonyesha miezi minne, mama yangu mzazi alipokuwa amelazwa, bado anamkumbuka. Sisi ni wazima, isipokuwa kaka yangu Basu, ambaye ana mafua na anataka mji mzima umpe pole. Huko kwenu simu haishiki, ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi. Mimuni wa kijijini kwenu ataipandisha huko mlimani Alhamisi akitoka sokoni.

Tuda, nimepita bwenini. Mlango una kufuli jipya. Kupitia dirishani nimeona vitanda kumi na viwili vimesimamishwa ukutani.

Najua unayajua yote haya, lakini sijawahi kuyasema. Mwalimu Azuzi alitaka tuigize kikao cha halmashauri, akachukua ajenda ya halmashauri yenyewe: bweni la wasichana lifungwe, badala yake liwepo gari la kuwaleta kila asubuhi na kuwarudisha jioni? Akaweka vikaratasi ndani ya kofia. "Hapa hamchagui upande," alisema. "Kikaratasi ndicho kitakachokupa maoni." Mimi nikapata mjumbe anayetaka bweni lifungwe. Wewe ukapata katibu, na katibu haongei. Mimi ninayelala kwetu nikasema, na wewe unayelala bwenini ukaandika.

Halafu Mwalimu, kwa furaha yake, akaupeleka muhtasari kwa halmashauri ya kweli. Mwezi uliopita mwenyekiti aliusoma mbele ya wajumbe wake: "Hata wanafunzi wameona hivyo, na aliyetia sahihi ni msichana wa bwenini." Wakapiga kura kwa dakika tatu.

Niandikie. Hata ukinitukana, niandikie.

Dada yako wa kunyonya,
Itto

*

Tinwarg, 23 Januari

Dada Tuda,

Salamu kwako na kwa wote. Mimuni anasema barua alikukabidhi mkononi, nawe ukaitia mfukoni bila kuifungua.

Wiki hii gari la wanafunzi limekuja mara mbili tu. Jana nilikwenda kulisubiri mbele ya shule. Walishuka wasichana watano, wamelowa hadi magotini. Nilimuuliza dereva habari za kijiji chenu, "Wa Ayt Ugni wako wapi?" Akanijibu, "Muulize theluji."

Nimekunakilia masomo ya fizikia, kurasa kumi na nne. Yamo ndani ya bahasha hii.

Dada yako,
Itto

*

Ayt Ugni, 30 Januari

Kwako Itto,

Salamu. Sisi hatujambo. Goti la mama linauma, anasema theluji zaidi inakuja, na mpaka sasa goti lake halijakosea. Fizikia nimeipata. Mwandiko wako mbaya kama zamani, lakini ahsante.

Sikukujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika jambo moja tu. Wacha nilitoe.

Ulijua habari ya daraja. Mwaka jana nilikaa kitandani kwako nikakusimulia jinsi gari lolote linavyoishia pale darajani kuanzia Desemba hadi Machi, na jinsi binamu yangu wa kiume, asiye na bweni, alivyokuwa akitembea mwendo wa saa mbili hadi akaacha shule mwezi wa pili. Ulilia, Itto. Ukanipa soksi zako. Halafu siku ya kikao ukasimama ukasema, "Gari litawaleta kila siku, mvua au jua." Theluji hukuitaja. Nilinyanyua macho nikakutazama, ukatazama pembeni.

Kikaratasi kilikupa upande. Hakikukwambia ufiche daraja.

Na mimi niliandika neno kwa neno, nikatia sahihi, kwa sababu katibu mzuri haongezi kitu. Nimefunga kitanda changu kwa mwandiko mzuri. Kijijini wananitania. Mke wa mwenye duka ananiita Mheshimiwa: "Mheshimiwa, na duka langu utalifunga lini?"

Mtihani wa muhula umenipita. Nasoma jikoni, wenzangu ni kuku.

Tuda

*

Tinwarg, 7 Februari

Dada yangu Tuda,

Amani iwe kwenu nyote. Niombee msamaha kwa mama, na ukiweza, niombee na kwa Baba.

Nilijua habari ya daraja. Nilitazama pembeni kwa sababu nilikuwa nashinda. Nilihisi ukumbi unanifuata, na nikaona kwamba nikilitaja daraja ukumbi huo utaniacha. Nimejichunguza sana nione kama kulikuwa na sababu nyingine iliyo bora. Haipo.

Juzi halmashauri ilikaa. Mwananchi anaruhusiwa kukaa nyuma na kusikiliza, kusema haruhusiwi. Nilikaa, kisha nikasimama.

"Muhtasari ule ulikuwa somo," nikasema. "Tuligawiwa pande kwa vikaratasi. Mimi nilificha jambo la daraja, na msichana aliyetia sahihi hakuruhusiwa kusema."

Mwenyekiti hakukasirika hata kidogo. "Binti, ulisema vizuri siku ile. Usijiharibie."

"Gari halifiki, Mheshimiwa."

"Theluji itayeyuka. Keti."

Sikuketi. Mlinzi akanishika mkono wa koti, mzee wa watu, akaninong'oneza, "Twende binti yangu, nimebakiza miaka miwili nistaafu." Nikatoka kwa ajili yake. Nyuma nilisikia mjumbe mmoja akisema, "Watoto wa siku hizi wanaigiza vizuri," na wengine wakacheka.

Mwalimu Azuzi ameandika barua kwa halmashauri. Hawajamjibu. Darasani hatutazamani machoni.

Tuda, njoo ukae kwetu. Chumba changu kinatosha vitanda viwili. Mama yangu amekubali, baba yangu amekubali. Mwambie Baba Hammu mimi ni binti yake kwa maziwa, hawezi kunikatalia.

Dada yako,
Itto

*

Ayt Ugni, 13 Februari

Itto,

Hujambo? Barua yako nimeisoma mara tatu. Ile ya mlinzi nilimsomea mama, akacheka.

Nilimwambia Baba usiku wa kuamkia Ijumaa, ameshakunywa chai. Nakuandikia kama ilivyokuwa.

"Nani alinyonya kwa nani?" akauliza.

"Itto kwetu."

"Basi Itto ni binti yangu. Na wewe, ulinyonya kwao?"

"Hapana, Baba."

"Basi Basu ni nani kwako?"

Nikakusanya vikombe. Akajijibu mwenyewe: "Mtoto wa watu. Binti yangu hatalala miezi minne kwenye nyumba ya mtoto wa watu."

Mama akaingia kati. "Huyo Basu? Mwenyewe alilazwa na mafua mwezi mzima!"

"Mafua hupona," akasema Baba. Hata mimi nilicheka. Lakini amekataa, Itto, na unajua akikataa.

Mimuni ameleta barua ya mkuu wa shule. Nisipokuwa darasani tarehe mosi Machi, jina langu litatolewa kwenye orodha ya mtihani wa mwisho. Mama mdogo ameshaanza kumtaja kijana fulani wa kijiji cha chini ambaye ana kondoo wengi. Bado anamtaja kwa mzaha.

Kukukasirikia nimechoka, nina baridi. Ila tafadhali usiniandikie tena maneno mazuri. Maneno yako ni mazuri mno, na ndiyo yaliyonifikisha jikoni.

Dada yako,
Tuda

*

Tinwarg, 24 Februari

Dada Tuda,

Salamu kwa Baba, kwa mama, kwa goti. Nitakuandikia mambo yaliyokwisha kufanyika, basi.

Barua yako ilipofika nilikwenda kwa Nana Ijja, mama yake baba yangu, anayekaa karibu na kinu cha unga. Tangu babu afariki yuko peke yake. Nilimweleza yote, hata daraja. Alikuwa anachambua dengu, hakuinua kichwa.

"Miaka sita mnaniomba nihamie kwenu," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyeomba kuhamia kwangu. Wasichana wangapi?"

"Watatu, Nana."

"Wanakula sana?"

"Ni watu wa milimani."

"Basi waje na unga wao. Na mimi silali na wageni tupu. Awepo wa damu yangu humu ndani, hadi mtihani uishe."

Nilikubali papo hapo, kisha nikaenda kumwambia mama yangu. Hilo ndilo lililokuwa gumu. "Unahama nyumba ya mama yako nikiwa hai?" alisema. "Watu watasema nini?" Nilimwambia watasema nimehama. Baba yangu hakuongea nami siku mbili, siku ya tatu akaleta jiko la kuni begani mwake na kuliunganisha bomba. Basu alibeba magodoro hadi mlangoni. Nana alimzuia pale pale: "Wewe mwisho wako kizingiti."

Mkuu wa shule amepokea fomu ya makazi, Nana ameweka dole gumba. Majina yaliyomo ni matatu: lako, na ya wenzako wa bwenini, Rkiya na Yamna. Rkiya na Yamna wamefika Jumamosi. Yamna anakoroma. Nana anasema anaongea usingizini pia, lakini nadhani Nana ndiye anayeongea.

Mwambie Baba Hammu, kwa heshima zote: ndani ya nyumba hii hamna mwanamume, hata kuku wote ni majike, nimewahesabu. Na binti yake mmoja tayari yumo.

Sikukuuliza kwanza, kwa sababu ungeniambia nisiache nyumba yetu. Nilihama Jumatatu iliyopita.

Dada yako,
Itto