Helmeti Iliyolia Kama Chungu

Mtaa wa Tena, Nairobi

Kwako Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kuliko vyungu vyote ulivyowahi kuchoma, pamoja na vile vilivyopasuka motoni ukalaumu kuni. Mgongo unaendeleaje? Mvua imeshika huko? Na wewe Rebeka dada yangu, unayemsomea Mama barua hii, soma kila neno. Najua tabia yako ya kuruka mahali ninapojisifu.

Mama, mimi ni mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu barua yako imefika, na nimeona vile jirani yetu Baba Timina alivyokuja huko akasema aliniona hapa Umoja nimelala barabarani, kichwa kimefunguka kama boga. Boga, Mama! Nimekuwekea picha ndani ya bahasha. Angalia mwenyewe: kichwa kiko, masikio yako, na ule uzuri niliorithi kwako haujaguswa. Hiyo plasta ndogo juu ya jicho ndiyo boga lote la Baba Timina.

Picha nilipigwa bure. Si unajua kazi yangu? Nazunguka studio za Buruburu, Umoja na hapa Tena, nakusanya filamu, nazikimbiza kwa pikipiki hadi mjini zikasafishwe, halafu narudisha picha. Watu wa harusi, watu wa ubatizo, wote wananingoja mimi. Nikichelewa, bibi harusi analia. Eastlands nzima hakuna mwanamume anayengojewa kunishinda.

Lakini umesema niiache hiyo pikipiki nirudi nyumbani, na kwamba wewe hutakanyaga Nairobi maadamu mimi bado naipanda. Basi wacha nikueleze yote vile yalivyokuwa, ndipo uamue.

Tajiri wangu alinipa helmeti ya kazi, yaani ile kofia ngumu ya kuendeshea. Nzito kama jiwe la kusagia, inanuka jasho la vijana wote walioivaa kabla yangu, na kioo cha mbele kimefungwa kwa mpira wa tyubu. Lori likinipita Outer Ring Road, upepo unakiinua kioo, vumbi lote linakuwa langu. Nikasema hapana, mtu wa hadhi yangu anunue yake.

Pale dukani niliwaonyesha mimi ni mtoto wa nani. Unakumbuka soko la Luanda huko kwetu, ulivyonifundisha kugonga chungu kwa kidole na kusikiliza? Kikilia ngiii, ni kizima. Kikisema pu, kina ufa, hata kama macho hayauoni. Basi nikagonga helmeti zote, sikio karibu kabisa. Mwenye duka akanitazama weee, akashindwa kuvumilia.

"Kijana, unapiga hodi? Humo hamna mtu."

"Tulia, mzee. Hii ni kazi ya ukoo."

Pu, pu, pu. Nikamwambia bidhaa zake zote zina ufa. Kidogo anifukuze! Mwishowe nikafikia moja nyekundu kule juu ya rafu. Nikagonga. Ngiiii! Tamu kama kengele ya kanisa. Nyepesi, haibani masikio, ndani kitambaa laini. Kioo kilicheza kidogo pale kwenye misumari yake, lakini nani anajali kioo wakati kofia inaimba? Nikatoka nayo nikipiga mluzi.

Rebeka, usicheke bado. Ngoja.

Siku ile nilikuwa na filamu za harusi mgongoni. Pale soko la Umoja mkokoteni wa mitungi ya maji ukakata mbele yangu. Nilipoukwepa, gurudumu likateleza kwenye maji yaliyomwagika, nami nikaenda chini mbele ya akina mama wanaouza dagaa wa omena. Mama, helmeti ililia. Ngiiii! Tofauti ni kwamba safari hii mimi nilikuwa ndani. Kioo kikachomoka, kikanikata hapo juu ya jicho, kikaenda zake. Mama mmoja wa omena akaniinamia.

"Wee kijana, kichwa kiko?"

"Kiko, mama."

"Na akili?"

"Hiyo sikuja nayo leo."

Wenzake wakacheka, lakini yeye alikuwa amenishika mkono, na hakuuachilia hadi nilipoweza kusimama. Nilitamani uwe wewe. Usimwambie Baba Timina nimesema hivyo. Yeye alipita hapo akaona damu, na badala ya kuniuliza hali akakimbilia basi la kuja kwenu na habari zake. Masikio yangu yalilia hadi Jumapili. Kanisani niliona tu kwaya ikifungua midomo.

Pikipiki niliipeleka kwa Karanja, fundi wetu, anyooshe usukani. Akaishika ile helmeti yangu, akaingiza mkono, akavuta kitambaa. Chini yake hamna kitu.

"Niaje, bosi? Umekuwa ukivaa sufuria?"

Nikamweleza jinsi nilivyoichagua. Alicheka hadi akaketi juu ya tairi. Alipomaliza akaleta yake, akafunua kitambaa, nikaona kitu cheupe kinene, kama kile kinachozunguka redio mpya ndani ya boksi.

"Hii ndiyo inaumia badala yako," akasema. "Kwa hivyo hailii. Na ukishaanguka nayo, itupe, hata kama rangi bado inang'aa."

Mama, nilikubali nimekosea. Ndiyo, Rebeka, mimi. Nilikuwa nimeyakumbuka majani makavu ya migomba. Asubuhi ya soko ulikuwa unakifunga kila chungu kwa majani, unashindilia mengine katikati, mimi nanung'unika tunachelewa. Mtu angekigonga chungu kikiwa ndani ya majani yale, kingelia? Kingesema pu. Na hivyo ndivyo kilivyoshuka mlima wote ule kichwani mwako kikafika kizima. Ulinifundisha kugonga na ukanifundisha kufunga. Mimi nikabeba kugonga peke yake, nikakimbia nako Nairobi.

Sasa nina nyingine, ni hiyo niliyoikumbatia kwenye picha. Nyeusi kama chungu chako cha mboga. Inaniminya mashavu nakaa kama mtoto aliyeficha ugali mdomoni, na saa sita mchana humo ndani ni tanuri. Lakini kioo kikishuka kinajifunga tap! na lori lipite likitaka. Karanja aliivuta kwa nyuma, akaivuta kwa mbele, ikakataa kunitoka. Nikaigonga pia, siwezi kujizuia. Pu. Sijawahi kusikia sauti nzuri hivyo.

Nisalimie Kukhu, bibi yangu, mwambie meno yake bado nayaombea. Nisalimie baba mdogo anayetulimia shamba, na yule mwalimu wa kwaya aliyesema sitafika popote. Baba Timina pia msalimie, umwonyeshe picha, tena pande zote mbili.

Mama, ukisema nirudi, nitarudi. Nitampa tajiri funguo zake na sitanuna, au nitanuna kidogo tu kwenye basi. Mwambie Rebeka aandike hilo neno moja, linatosha. Lakini kama moyo wako umetulia, usiandike kitu. Vua kitambaa chako cha kichwa, Rebeka akate uzi, auzungushe kichwani mwako hapo juu ya nyusi, afunge fundo pale ncha zinapokutana. Karanja anasema helmeti isiyokutosha ni mzigo tu, na mimi siwezi kubahatisha kichwa chako. Nitakupokea stendi na helmeti yako, na tutakuja Tena polepole hadi kuku watupite.

Weka huo uzi ndani ya bahasha. Nitaelewa.

Ni mimi mwanao mwenye kichwa kizima,
Jairo