Nilipima maji ya samaki kwa kiwiko

Mpendwa mshauri Mama Pulchérie, naomba msaada, lakini kwanza naomba ufurahi pamoja na mi, juu mutoto yangu Tania, prof wa biologie katika école hapa Fizi, licenciée, wa kwanza katika ukoo yetu yote ya Swima kushika diplome ya université namna ile, iko na ziwa Tanganika ndani ya salon. Sikudanganye. Ni kioo kubwa kama valise ya safari, imejaa maji na mawe, na ndani samaki kumi na moja, zile ndogo za rangi zinakaaka katika mawe, kaka yangu Jérémie alizivua kule Lweba na akazileta hai katika bidon, ingine iko buluu na mistari, ingine ya manjano kama ndizi ya kuiva, na kuna jike moja, mshauri, inabeba batoto yake ndani ya mudomo! Haikuli, haifungue mudomo, inavumilia tu wiki na wiki mupaka batoto bapate nguvu. Siku niliona ile nililia. Nikamwambia Tania, "Ona, ule ni mama kama mi." Akacheka, akasema, "Hapana, Maman. Ule anajua kufunga mudomo."

Sasa sikia. Fizi iko mulimani, haiko kama Baraka kando ya ziwa, baridi ikishuka maji inapoa na samaki zinalala chini kama zimekufa, njo Tania alimutuma Nicolas, kijana fundi wa radio na telefone, amutafutie kipasha-maji huko Bujumbura. Ni kijiti ya kioo, inasimama ndani ya maji, iko na taa ndogo nyekundu na bouton ya namba. Tania aliweka bouton kwa 26, akabandika termometre kwa kioo, akasema mutu asiguse. Na batu banakuja kuangalia! Batoto ya école, pasteri, hata mama mumoja alitoka Nundu na mutoto mugongoni. Mi ndiye napokea bageni, juu Tania ananiachiaka ufunguo ya salon.

Basi Tania alienda Baraka kwa semineri, siku mbili, na ile Jumamosi bamama ba chorale balifika kutoka Baraka, batu kumi na mbili, na mi nilikuwa nimeshawaambia zamani kwamba mule ndani maji iko moto kama ya ziwa yetu. Mama Cassilde, ule mwenye sauti ya kwanza, akatumbukiza kidole.

"Eh, Mama Prof, moto iko wapi? Hata maji ya mutungi yangu inashinda hii!"

Balicheka mupaka bakashikana mabega. Mi nikaingiza kiwiko, vile tunapimaka maji ya kuogesha mutoto, batoto saba nimeogesha kwa kiwiko hiki na hakuna mumoja aliungua, na kweli nikasikia maji iko baridi. Nikasema, Tania amekosea namba. Nikazungusha bouton mupaka mwisho. Nikawaambia barudi kesho kisha misa.

Jumapili balirudi, na maji ilikuwa tamu, uvuguvugu, ya mutoto kabisa! Cassilde mwenyewe aliingiza mukono yote. Na samaki zote zilikuwa juu, zinafungua mudomo, pa, pa, pa. Nikasema, "Onani, banasalimia bageni!" Bamama bakapiga makofi, bakaimba, mi nikacheza pale mbele ya kioo, mshauri, sijafurahi vile tangu siku ya diplome.

Saa ya mangaribi nikaona tano zimegeuza tumbo juu. Na mara nasikia pikipiki ya Tania inazima mulangoni. Mukono yangu ilienda yenyewe, nikarudisha bouton kwa 26.

Alitupa sac chini. Akaangalia termometre: 33. Akaangalia bouton: 26.

"Maman, kuna mutu aligusa?"

Nikasema, "Nani angegusa?"

Akafikiri kidogo, akasema hivi vyombo binajulikana, sehemu ya kuzima inaganda na kinabaki kinawaka tu. Akachomoa waya. Kesho yake akamukuta Nicolas mbele ya kibanda yake, na batu balisimama kusikia.

"Nicolas, kifaa yako imepika samaki tano."

"Madame prof, nilikijaribu siku tatu katika beseni mbele ya kukuletea. Kilikuwa kinawaka na kinazima vizuri."

"Basi ungeniletea beseni!"

Batu bakacheka, na tangu siku ile kila mutu anamwita Fundi Supu. Batoto banamuimbia akipita. Mama mumoja alirudia radio yake haijatengenezwa, akasema hataki ichemuke. Kijana amefungua kibanda yapata miezi mine tu, iko na mama mugonjwa, na sasa anakaa pale na mikono katika mapaja. Akinikuta ananisalimia vizuri, "Shikamoo Maman", na mi nazunguka njia ingine.

Jike bado iko hai na mudomo imefunga, lakini maji iko baridi sasa, inalala chini. Juzi Tania akasema kwa kungoja kifaa ingine atatumia resistansi yetu ile ya kuchemusha maji ya kuoga katika ndoo, atakuwa anaitia dakika tano tano akikoroga kwa mukono. Kesho njo anaanza.

Mshauri, mi naogopa. Nikisema, mutoto yangu ataona mama yake ni mujinga mbele ya bageni, na atachukua ufunguo yake. Je, hivi vipasha-maji binaaminika ao hapana? Kama unaweza kuandika katika gazeti kwamba vyote vinaharibikaka, basi atatulia na hakuna haja ya mi kusema. Jina yangu usiandike. Lakini ya mutoto yangu andika vizuri: Tania, prof wa biologie, licenciée.

Mama wa Fizi

MAMA PULCHÉRIE ANAJIBU

Dada yangu, kabla ya kusoma mstari wa pili, inuka uende ukaichukue ile resistansi ya ndoo na uifungie mahali Tania hatafika. Umeshafanya? Sasa tuongee. Kile chuma hakikutengenezwa kukaa katika maji ambayo mtu anatia mkono. Hakijui kujizima, na siku waya wake una kidonda kidogo tu, courant ya umeme itampiga binti yako akikoroga, na hapo hutalilia samaki. Ungeandika barua nzima juu ya hilo peke yake, lakini umeliweka mwisho, baada ya nyimbo.

Nimecheka, sikufichi. Nimewaona wale mama kumi na wawili wakipiga makofi. Lakini wale samaki hawakuwa wanasalimia mtu. Maji yakipata moto sana hewa inapungua ndani yake, na walikuja juu kutafuta pumzi. Kiwiko chako ni kizuri kwa mtoto kwa sababu mtoto ana joto la damu kama lako. Samaki hana. Maji ya 26 kwako ni baridi. Kwake ni nyumbani. Wewe ni mtu wa Swima, umeoga ziwani tangu utoto: ukiingia mara ya kwanza si unashtuka kidogo? Basi ni maji yaleyale.

Unaniuliza kama vipasha-maji vinaaminika. Vinaharibika, ni kweli, na Tania alisema vizuri: sehemu ya kuzima inaweza kuganda, maji yakapikika. Ndiyo maana mwenye akili haamini taa nyekundu, anaamini termometre, asubuhi na jioni. Wanaofuga kwa muda mrefu huweka viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa. Kimoja kikiganda hakina nguvu ya kuua wote, kikifa kingine kinashikilia. Kichomolewe kwanza, kipoe robo saa ndani ya maji, ndipo mkono uingie. Kikitolewa kikiwa na moto kioo chake kinapasuka. Waya ushuke chini kuliko prise ya ukutani kabla ya kupanda tena, ili tone la maji lianguke sakafuni na si kwenye courant. Na courant ikikosekana, fungia kioo blanketi pande zote, elesha ndani chupa ya maji ya uvuguvugu yenye kifuniko kilichokazwa. Usimwage maji ya moto ndani, hata kikombe.

Lakini kwamba vyote ni vibaya? Hapana, sitaandika. Kile chenu kilifanya kazi yake sawasawa. Ulikiambia kipike, kikapika. Na yule kijana aliyekijaribu siku tatu katika beseni alifanya jambo ambalo wauzaji wengi hawafanyi, akalipwa kwa kuitwa supu.

"Nani angegusa?" Uliuliza swali ili usiseme uongo, dada, lakini bouton ulikuwa umeshairudisha. Hapo ndipo kosa lilipo. Bouton mara ya kwanza ilikuwa kutojua, na binti yako anakaa siku nzima na watoto hamsini wasiojua, hatashangaa. Bouton mara ya pili ulijua. Atakasirika kwa hiyo, pengine atachukua ufunguo, na utauvumilia mwezi mmoja au miwili. Ni ufunguo wa salon, si wa moyo wake.

Na hilo la majina! Unataka nifiche lako na niandike la Tania. Fizi ina maprofesa wangapi wenye ziwa ndani ya nyumba? Gazeti linatoka Ijumaa na leo ni Jumanne. Barua yako imenifikia kwa simu leo asubuhi, na jibu hili nakutumia kwa simu vilevile, kwanza. Kama unataka nisilichapishe, niambie, nitalitupa. Kama unataka lichapishwe, Tania alisikie kutoka mdomoni mwako kabla hajalisoma.

Fanya hivi. Funga kioo blanketi sasa. Mwambie Tania akirudi kutoka shuleni, umesimama pale kwenye bouton, na umwonyeshe namna ulivyozungusha, kwenda na kurudi. Kisha muende wote wawili kwa Nicolas, si nyumbani kwake kwa siri, ni pale kibandani, saa watu wengi wanapita, na useme kwa sauti ileile uliyotumia kusifu kioo. Mwombe akijaribu kile kipasha-maji tena katika beseni, siku nzima, termometre ndani, watu wakiangalia, ndipo kirudi kwa samaki.

Na anza leo, usingoje kutafuta maneno mazuri. Samaki wenye blanketi wanaweza kusubiri hadi kesho jioni. Nicolas amesubiri siku tisa.