Bastola Isiyolia

Baba,

Nyumba ya Azaiba imeshatulia. Watu wa tanga wamekwenda zao, viti vya kukodi vimerudishwa, na Mama ameanza tena kugombana na mashine ya kufulia, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Chai bado anatia vikombe viwili. Anajicheka, halafu analia, halafu anavinywa vyote viwili.

Mimi nlipewa chumba chako. Nkasema ntapanga karatasi tu, kumbe! Chini ya kabati, ndani ya sanduku, nkakuta bastola yako ya mbao, imevingirishwa gazeti lile lile ulilorudishiwa nalo. Hukuifungua hata siku moja, Baba? Miaka ishirini na mbili?

Wacha nianze mwanzo, maana leo nnataka kulisema jambo hili lote.

Ulikuwa mwanafunzi Moscow, kijana wa Unguja unayekufa kwa baridi, ukapata kibarua katika ghala la vifaa vya filamu. Kazi yako ilikuwa kutengeneza silaha za wasafiri wa anga. Mbao, bomba la mashine ya kukaushia nywele, rangi ya fedha, na kipande cha chuma ndani ya mpini ili mkono wa mchezaji ulemewe; moja ulirudi nayo. Ulikuwa ukisema, "Yeye asipoona uzito, anayetazama hatoogopa." Na filamu zenyewe sasa! Kila Ijumaa baada ya chakula ukituweka sote mbele ya televisheni. Rubani kashuka sayari ya watu, bastola kiunoni, na sisi tunangoja. Anatazama mvua. Anatazama nyasi. "Baba, mbona hapigi?" "Subiri." Filamu inakwisha na bastola haijalia! Kaka Nasor akiapa hatazami tena, na Ijumaa ya pili yuko pale pale.

Ukitwambia wale watu wa Moscow walitoka vitani, kila nyumba imezika mtu, mlio wa risasi haukuwa mchezo kwao. Kwenye filamu zao bastola ni hofu ya nyumbani, mtu kaibeba mpaka kwenye nyota. "Asiyeitua hajasafiri." Mimi nkidhani ni maneno ya chuoni tu. Nlijua kwamba ukiwa mtoto uliona bunduki ya kweli ukumbini kwenu Unguja, na kwamba toka siku hiyo hukutaka kugusa nyengine. Sikuyaunganisha mambo haya mawili.

Ikaja harusi yangu. Kwa wakwe zangu Qurayyat wanaume huingia na bunduki, wanacheza nazo, wanazirusha juu na kuzidaka. Walikuletea moja ya heshima, ukaikataa. Ukaingia na bastola ya mbao kiunoni, pale wanaume wanapovaa jambia, khanjari, na mlangoni ukaivua, ukampa baba mkwe wangu kwa mikono miwili. Ukamwambia kwa Kiarabu, "Sasa nimefika." Uwanja mzima ukacheka. Kicheko kilitufikia wanawake ndani, na aliyekuja kunihadithia alikuwa anajipangusa machozi.

Nlikasirika mno. Nlikwambia umenitia aibu, umewafanyia mzaha watu wanaonichukua. Kisha nkafanya baya zaidi. Hina haijafutika mikononi, nkamtuma mume wangu Said akaichukue kwa baba yake akurudishie. Ukaipokea, ukasema, "Basi mwanangu, yamekwisha."

Sandukuni mlikuwa na filamu moja pia, ile uliyokuwa ukinibembeleza tuitazame, na mimi kila siku nna kazi, nna wageni, nna kichwa. Juzi nliitazama na Said. Ndefu, Baba, nisamehe. Mwishoni rubani anafika kwenye mlango wa watu asiowajua. Anaivua bastola, hii hii, mkwaruzo wake nnaujua, anampa mwenye nyumba kwa mikono miwili. Anasema neno moja, na chini pameandikwa kwa Kiarabu: nimefika. Nlilia mpaka Said akazima.

Hukufanya mzaha. Ulikuwa unawakabidhi watu wale hofu yako yote, na binti yako pamoja nayo. Na mimi nkakurudishia ndani ya gazeti, kama samaki wa sokoni.

Asubuhi yake nkenda Qurayyat. Njia nzima nnapanga maneno, nlipofika yote yakanikimbia. Baba mkwe sasa haoni vizuri. Nkamwekea bastola mapajani. Akaipapasa, akaupima uzito wake. Halafu akanambia, "Baba yako alinipa nimtunzie. Ilipochukuliwa nlidhani amejuta kutuoza binti yake. Nliona haya kumuuliza."

Yaa Rabbi! Idi zote zile mnakaa pamoja, mnakunywa kahawa, mnaulizana habari za tende, na kila mmoja anamwonea haya mwenzake, kwa sababu yangu mimi. Nkamwambia ni mimi niliyeitaka irudi, wewe hukujuta hata saa moja. Mzee wa watu akalia. Hakuiweka chini mpaka nlipoondoka, nkamwachia.

Nisamehe, Baba. Nlikuwa na muda wote ule wa kukuuliza swali moja tu, ulikuwa na maana gani, na sikukuuliza.

Idi hii watoto wa pande zote mbili watakuwa Qurayyat. Ntasimama nwahadithie, na lile neno la aibu nlilokwambia ntalitamka mbele ya wote, kisha ntalifuta. Hiyo ndiyo ahadi yangu. Pumzika, kipenzi changu. Ulifika, na baba mkwe wangu anajua.

Binti yako,
Zuwena