Nilimtoboa Baba Mkwe Mshipa, Damu Haikukata

Shangazi Felista, nipokee na mzigo huu maana kuubeba peke yangu nimeshindwa. Nina chumba cha tiba ya sindano na kuumika damu kwa vikombe hapa Tukuyu mjini, kazi niliyofundishwa miaka miwili na mtabibu wa Kichina kule Dar es Salaam, na watu wa migongo na magoti wananisifu, lakini mwezi uliopita baba mkwe wangu wa Kyimo alituma ujumbe kwamba mishipa ya mguu wake, iliyotuna kama kamba tangu enzi za kuchuma chai, inamuwaka moto na anataka nimtoe damu mbaya. Unajua mila zetu Wanyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye, vijana wengi wameziacha ila kwa mama mkwe wangu bado ni amri, nami miaka saba sijawahi kumwona mzee uso vizuri. Basi tukatundika khanga katikati ya chumba, yeye akasimama upande wa pili na kupitisha mguu chini ya khanga, na mume wangu, nimwite Godwin, akawa anabeba maneno.

Nikasema, "Muulize anatumia dawa gani."

Nikasikia mzee akinong'ona kirefu, lakini Godwin akarudi na maneno mawili tu: "Za presha."

Nikaridhika, Shangazi, sijui kwa nini niliridhika, nikatoboa palepale mshipa ulipotuna. Damu ikaruka, ikajaza kikombe cha kwanza na cha pili, nikibana haikati, mzee akaanza kulegea, nikaivuta khanga ikaanguka, nikamlaza sakafuni, mguu nikauweka begani na kubonyeza kwa mikono miwili huku nalia, naye akanitazama usoni akasema, "Usilie, mwanangu."

Kituo cha afya walimshona. Godwin akamwambia daktari kwamba baba kajikata na panga kwenye migomba, nami nikanyamaza. Nesi ndiye aliyetoa kadi kwenye koti la mzee: tangu alipolazwa Mbeya mwaka jana anameza dawa za kuzuia damu kuganda.

Sasa anasema, "Ndaga fijo," yaani asante sana, "mguu mwepesi," na Jumamosi anakuja nimtoboe mguu wa pili. Mama mkwe hapokei chakula mkononi mwangu, anasema nimemvunjia mumewe heshima. Godwin anataka ninyamaze, eti wateja watakimbia. Nifanyeje?

Mkamwana, Tukuyu

*

Mwanangu Mkamwana,

Pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimesimama pale ulipoweka mguu wa mzee begani. Hapo hukukosea. Anayekulaumu kwa hilo alitaka maiti yenye heshima.

Kosa lako liko nyuma yake, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Umemtoboa mtu ambaye hukumhoji. Anameza nini, ana kisukari, vidonda vyake hupona vipi? Kama mila ilikuzuia kumuuliza, basi ilikuzuia pia kumtibu. Ungemwambia Godwin, "Mpelekeni kwa mwingine." Au ungeomba hiyo kadi uisome mwenyewe.

Nimemuuliza daktari ninayemwamini. Anasema mshipa uliotuna hautobolewi katika vyumba kama chako, hata kwa sindano mpya na mkono mzoefu, achilia mbali mgonjwa akiwa amesimama. Na huo wepesi anaousifu mzee? Wiki zote hizo bila shaka amelala, mguu juu ya mto. Nani asingepata nafuu?

Kwa hiyo Jumamosi hutoboi. Siku hiyo wewe na Godwin mpelekeni hospitali apimwe mishipa ya miguu yote miwili, na mumwulize daktari kama soksi za kubana zitamfaa. Vidonge asiviache kwa kujiamulia. Mbele ya huyo daktari semeni kwamba ilikuwa sindano. Godwin aeleze kwa kinywa chake alichofupisha. Naelewa hofu yenu, chumba hicho ndicho riziki. Lakini mzee akifia humo, ni mteja gani atabaki?

Mama mkwe usibishane naye. Ameogopa kufiwa, na hasira imekuangukia wewe. Msimulie dada yake mkubwa damu ilivyokuwa ikimwagika, umwombe akae naye amweleze.

Tena, kabla ya Jumamosi, fundisha kila mtu wa nyumba ile: damu ikitoka tena, mlazeni, inueni mguu, bonyezeni kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia, kisha hospitali mara moja. Anza na mama mkwe.