Jina la Kituku Halifutwi kwa Fomu

Kaloleni,
Voi.
9 Machi 2025

Mpendwa mwanangu Tryphena,

Soma ukiwa umeketi, maana anayekuandikia ndiye mtu ambaye treni ya Mombasa haiondoki Voi kabla hajaipungia mkono. Hujambo lakini? Baridi ya Uswidi imekuachia vidole? Na hiyo mimba, inakupa usingizi? Sisi wazima. Goti langu linauma, ila linauma kwa heshima.

Mbuzi wamezaa. Mahindi ya Mwatate jua limeyala.

Sasa hili lako. Tumesikia mwisho wa mwezi unajaza fomu, uache kuitwa Kituku uwe Lindberg kama mumeo, na mtoto vilevile. Shangazi yako Rita akasema tukuache, jina halipiki ugali. Nikamwambia hata kuni haziliwi, lakini ajaribu kupika bila kuni. Akaondoka amenuna.

Mimi nakataa. Hata mkinitumia ndege, nitakataa nikiwa ndani ya ndege.

Usidhani majina ya huko siyajui. Yule Mswidi aliyekuja kupima mawe Kishushe, Bwana Modig, nilimlinda na simba wanane wiki nzima, naye akanisomesha. Zamani kwao mtoto alikuwa mwana wa fulani, kama sisi tu. Mwana wa Anders, basi Andersson. Babu wa babu yake alipoingia jeshini, wenye jina moja walikuwa wamejaa, mkubwa wao akampachika Modig, yaani jasiri. Alipotoka, aliyeshika nafasi yake akapewa jina lilelile, kama sare. Na Lindberg je? Lind ni mti, berg ni mlima. Watu walijichagulia kwa kuwa linapendeza. Milima si tunayo hapa? Nani alizaliwa na mti?

Hata mimi mji mzima unaniita Vasco, kama yule Mreno aliyefika Malindi akaacha nguzo, kwa sababu lori langu lilifika Kisangani likarudi bila spea tairi. Lakini ndovu alipoingia shambani sikumtajia Vasco. Nilisimama mbele yake nikasema, "Mimi ni wa Kituku." Akageuka, akatoka, akafunga lango. Muulize yeyote, ila Rita.

Mtoto wako akiitwa Kituku, jina la baba yangu, mimi na mvi zangu nitamwita baba, na nitampa shikamoo akiwa kwenye nepi. Lindberg nitamwitaje?

Mumeo ni mtu mzuri, sina neno naye. Hilo lake liwekeni nyuma kama mkia. Kichwa kiwe Kituku. Fomu usiitie sahihi kabla hujanijibu.

Wanangu Hillary na Wendy wanakusalimu, na Rita pia, ingawa amenuna. Jirani yetu Mzee Mwinyihaji anakuombea dua kila Ijumaa. Mungu akufungue salama, akupe mtoto wa sauti kubwa.

Wako akupendaye,
Baba mdogo,
Phineas Kituku

N.B. Ukijibu kwa barua ya rejista, kwenye bahasha andika Phineas Vasco, la sivyo posta hawatanipa. Si watu walionipa jina hilo, wala si safari. Nililiandikisha mwenyewe siku ya kuchukua kitambulisho, kijana wa miaka kumi na minane, nikiona Kituku ni jina la wachunga mbuzi. Hillary ni Vasco. Wendy ni Vasco. Rita ana la mumewe, na babako tulishamzika. Kwenye karatasi, mwanangu, Kituku umebaki wewe peke yako.